Usingizi wa Nne

Nilimfukuza mke wa mwanangu kwa sababu ya kujikuna, na wakati namfukuza, mimi mwenyewe nilikuwa najikuna. Niseme hilo mapema, nisije nikaonekana najisafisha. Nilikuwa nimejizungushia mtandio hadi kidevuni ili vipele vyangu visionekane, huku vya kwake nimevitolea macho. Nyani haoni kundule, na mimi siku hiyo nilikuwa nyani mwenye mtandio.

Mtaani wananiita Kengele, na si kwa uzuri wa sauti. Nikimwita mtu kutoka uani kwangu, watu watatu wa mtaa wa pili huitika. Lakini nyumba yetu ina chumba kimoja ambacho Kengele huingia miguu mitupu, kwa kunyata, na hathubutu hata kukohoa. Ndicho chumba cha viwavi wa hariri.

Viwavi hawa hatukuwanunua. Mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, hata mimi, alikuja nao siku alipoolewa. Mayai yalikuwa kwenye kitambaa, na kitambaa alikivaa kifuani yasipate baridi. Na yeye alikuwa amepewa na mama yake. Wafugaji wengine wote tunaowafahamu wana hariri nyeupe. Wa kwetu hufuma uzi wa manjano, manjano iliyokolea kama kiini cha yai, na sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Bibi alipoanza kuumwa mgongo na macho yakamfifia, alinikabidhi mimi. Hakunipa maneno mengi. Alisema, "Nimepewa hai, nakupa hai. Usiwe wewe wa kuwapoteza."

Mwaka ninaousimulia, mayai mengi yalikauka. Walioanguliwa walijaza trei mbili tu, kama mia nne hivi. Ina maana hao mia nne ndio walikuwa ukoo mzima. Wasipofika kufuma, nondo wasipotoka wakataga, basi manjano ile imekwisha duniani, na aliyeimaliza ni mimi. Kila asubuhi nilifungua macho nikiwa nalifikiria hilo kabla sijafikiria chai.

Sasa, kiwavi wa hariri hulala mara nne kabla ya kufuma. Anaacha kula, anaacha kutembea, anainua kichwa juu kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili, halafu anatulia hivyohivyo mchana kutwa na usiku kucha. Humo usingizini anabadilisha ngozi. Akiamka, ya zamani inapasuka nyuma ya kichwa, anaivua na kuiacha. Ukimshtua kabla, ngozi inamkwama, anakufa. Ndiyo maana Bibi aliweka sheria, na mimi nikaikaza zaidi yake: wakilala, hakuna kugusa trei, hakuna kuongea, hakuna kuuliza. Una neno? Lisubiri waamke.

Mtu aliyeteseka na sheria hiyo ni mke wa mwanangu. Mwanangu ni dereva wa lori, anaondoka wiki tatu, anarudi siku mbili, ananiachia mkewe. Tunamwita Sindano, kwa sababu hutamkuta bila sindano mbili tatu zimechomekwa kwenye kola. Kazi yake ni kushonea shanga kwenye magauni ya maharusi. Anakaa dirishani na sahani ya shanga ndogondogo, zile ambazo ukiniwekea juu ya ulimi sitajua kama ni shanga au ni mate yangu, anaziokota mojamoja na wala hakunji uso. Sikumchukia, Mungu ni shahidi. Ila alikuwa na maswali! Kwa nini jani hili na si lile? Kwa nini huyu anatazama huku na wenzake kule? Mtoto wa miaka minne ana nafuu.

Kisa chenyewe kilianza kwa godoro. Godoro la Bibi lilikuwa limelala kama chapati, na mgongo wake ukawa hauna raha. Nikaomba magunia mawili ya pamba kwa jirani mwenye shamba, pamba mbichi, yenye mbegu zake. Mvua zilikuwa hazikatiki, kila kona ya nyumba ina unyevu, isipokuwa chumba cha viwavi, maana humo huwa tunaweka jiko la mkaa. Nikayapandisha magunia kwenye ubao ulio juu ya trei, yakaukie hapo. Nilijiona nina akili kweli. Kila alasiri nilichomoa pamba kidogo, nikaitoa mbegu, nikaishindilia kwenye godoro la Bibi. Ndani ya mbegu nyingine mlikuwa na viwavi vidogo vya rangi ya waridi, vimejikunja. Nilivipangusa na kidole, nikaviambia, "Nanyi mnataka kufugwa?" Nikacheka peke yangu.

Usingizi wa nne ukaingia. Huu ndio mzito kuliko yote, maana wakiamka hapo wanakula kwa fujo siku chache halafu wanafuma. Niliingia chumbani nikakuta vichwa mia nne viko juu. Dirisha tunalifunika kwa kitambaa cha kijani, kwa hiyo mwanga wa mle ndani ni wa kijani, wa kulevya, na joto la jiko, na harufu ya majani ya mforsadi, chakula chao, yaliyoanza kunyauka. Mtu hahitaji kuchoka ili asinzie mle. Nilikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, na sikujua saa imepitaje. Mvua ilikuwa ikinyesha mbali, juu ya bati la mtu mwingine. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, furaha ya mwenye nyumba ambaye watu wake wote wamelala salama.

Kesho yake niliamka nawashwa. Shingoni, tumboni, kwenye mikunjo ya mikono, vipele vyekundu, kila kimoja na nukta nyeupe katikati, na vinawasha mpaka meno yanauma. Nikachukua mtandio nikajizungushia, kimya. Mfugaji wa hariri mwenye upele! Watu wangesema nini? Nikaenda mezani. Sindano alikuwa ameshakaa, mikono wazi, anajikuna waziwazi bila hila yoyote.

"Mama, kuna kitu kinaniuma humu ndani," akasema.

"Kunywa chai," nikamwambia.

Mchana nilimkuta kwenye chumba cha viwavi, ameinama juu ya trei, pua inakaribia kugusa. Roho ilinipaa. Nilimshika mkono, akageuka, akaninong'oneza, "Mama, kuna vitu shingoni mwa hawa. Viduara, vya manjano. Kama shanga."

"Shii!"

"Vinang'aa, mama. Hiki hapa kina kitu ndani kinacho..."

"Shii! Wamelala!"

Nikamtoa kwa kiwiko hadi ukumbini. Hapo ndipo tulipogombana, na tuligombana kwa kunong'ona, maana ukuta wa chumba kile ni wa mbao. Ugomvi wa kunong'ona ni kazi nzito, nawaambieni. Hasira haipati pa kutokea, inarudi tumboni, inachemka upya.

"Huo upele umeutoa wapi?"

"Sijui, mama. Labda mle..."

"Labda mle nini? Nyumba hii haijawahi kuona upele wala kunguni. Unakaa na magauni ya watu usiowajua, unajua wana nini?"

"Mama, kabla sijaingia mle jana sikuwa na..."

"Nenda kwenu. Ukajitibu. Ukiwa safi utarudi."

Aliniangalia. Akauangalia mtandio wangu, na joto lile. Naamini alijua. Lakini alisema tu, "Sawa, mama," akafunga sindano zake kwenye kitambaa, akatoka. Kwao si mbali, mitaa sita hivi. Hakubamiza mlango. Hata katika kufukuzwa aliheshimu usingizi wa viwavi wangu, na mimi wala hilo sikuliona.

Baada ya hapo ikawa kimya kweli. Siku ya pili ikapita, vichwa viko juu. Nikajiambia ni baridi ya usiku, baridi huwa inaurefusha usingizi wao, na hilo ni kweli. Bibi, ambaye kitanda chake kiko upande wa pili wa mbao, aligonga ubao mara moja, yaani, vipi? Nikagonga mara mbili, yaani, bado. Nikazidisha ukimya. Nilivua hata bangili. Muuza maziwa alipobisha nilimtokea na kidole mdomoni, akaondoka anarudi nyumanyuma.

Nilishinda kwenye kigoda, na usingizi ukanichukua mara tatu, mara nne. Katika mmoja niliota niko kwenye nyumba hiihii lakini ina vyumba vingi, na katika kila chumba kuna mtu wangu amesimama, kichwa kimeinuka, macho yamefumbwa. Mwanangu amesimama na funguo za lori. Jirani na ndoo. Marehemu mume wangu na kiatu kimoja mkononi, kama alivyokuwa akikitafuta cha pili kila asubuhi. Shingoni kila mmoja amevaa shanga ndogo za manjano, nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na nilipokuwa nikitazama zilikuwa zinanenepa, taratibu, zikawa saizi ya dengu, zikawa saizi ya zabibu. Nikapita katikati yao kwa kunyata, nawaambia shii, shii, ingawa hakuna aliyesema neno. Na nilikuwa na raha. Hilo ndilo linalonitia aibu hadi leo, nilikuwa na raha tele. Niliamka kucha zangu ziko shingoni.

Siku ya tatu Bibi hakugonga ubao. Aliniita kwa sauti.

"Wewe! Njoo hapa."

Nilikwenda mbio. "Bibi, sauti! Wamelala!"

"Waache. Inua nguo yangu mgongoni uangalie."

Nikainua. Mgongo wote, kuanzia mabegani hadi kiunoni, vipele vyekundu na nukta nyeupe.

"Sindano ana siku mbili hayupo," Bibi akasema, amelala kifudifudi, sauti inaingia kwenye mto. "Huu wa leo ameuleta nani?"

Nikaishusha nguo yake, nikaukaza mtandio wangu.

"Vua mtandio."

"Ah, Bibi..."

"Vua."

Nikauvua, mwanamke wa miaka hamsini na sita, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Aligeuka kwa shida, akanipapasa shingo kwa vidole, maana macho hayakumsaidia. Alipapasa kimoja kimoja. Halafu akauvuta uzi wa pamba uliochungulia kwenye mshono wa godoro, akausugua katikati ya vidole.

"Huu si upele," akasema. "Ni utitiri wa pamba. Unakula viwavi walioko kwenye mbegu. Ukiwamaliza unatafuta wengine. Sisi watu hautuwezi, unatuonja tu na kutuacha tunajikuna. Lakini kiwavi ukimchoma mara moja, ameganda palepale, hainui mguu tena. Nilikuwa msichana ulipoingia kwa shangazi yangu. Jike lenyewe hulioni kwa macho. Likishashiba ndipo tumbo linavimba, linakuwa duara, kama..."

"Kama shanga," nikasema.

Bibi aliacha kuusugua uzi. "Nani kakuambia?"

"Sindano."

"Lini?"

"Juzi."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Nilitamani kusema uongo, na Mungu anisamehe, nilikuwa nao tayari mdomoni. "Nilimnyamazisha. Nilimwambia wamelala."

Bibi alirudisha uso wake kwenye mto. Nilidhani analia, lakini hakuwa analia. "Hawajalala wale, mwanangu," akasema. "Umewanyamazia maiti siku mbili."

Nilirudi chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu usingizi uanze, niliunyoosha mkono nikamgusa mmoja. Alikuwa mwepesi, mkavu, kichwa bado kiko juu. Nikamgusa wa pili. Nikafunua majani yaliyokauka, na chini yake kitu kikajivuta. Mmoja alikuwa hai! Alikuwa ameamka, ameshavua ngozi, amejificha chini ya makapi akitafuta chakula, na mimi kwa kutogusa trei nilikuwa namuua kwa njaa. Nililia hapo, kwa sauti, bila kujali chochote.

"Wako walio hai!" nikamwambia Bibi kupitia ubao.

"Basi wachambue wasio na utitiri, leo hii, uwatoe. Ila ukimbeba mmoja mwenye nao, umewabeba wote. Una macho ya kuuona?"

Sikuwa nayo. Yeye pia hakuwa nayo. Hatukuhitaji kutajiana jina la mwenye nayo.

Nilikwenda kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika na jua lile la ghafla lilikuwa limetoka, barabara inafuka mvuke, na mimi sijala, nawashwa, kichwa chepesi. Mtaa mzima niliuona kama bado uko ndani ya ndoto yangu. Fundi viatu amesinzia na kiatu mapajani. Mwanamke ameegemea mlango, kidevu juu, anakausha nywele. Nilitaka kumtikisa kila mmoja nimwulize, uko hai wewe? Nilijizuia. Naamini nilijizuia, ingawa fundi viatu mpaka leo ananiamkia kwa tahadhari.

Mama yake Sindano ni fundi cherehani. Nilimkuta barazani anashona, na hakusimamisha mguu aliponiona.

"Karibu, mkwe. Umekuja kukagua kama mwanangu ameshakuwa safi?"

"Hapana, mkwe."

"Maana amepona. Jana alikuwa hajikuni tena. Bila dawa, bila dua. Ametoka kwako tu." Cherehani inaendelea, trrr, trrr. "Kikulacho ki nguoni mwako, mkwe wangu. Hapa kwangu hakuliwa na kitu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, mazuri, ya mzunguko, ya mtu mzima. Yote yalinitoka. Nilivuta mtandio, nikabaki shingo wazi mbele yake na mbele ya wapita njia. Nikasema, "Nilimwita mwanao mchafu. Uchafu ni wangu. Nimeuingiza nyumbani kwa mikono yangu miwili, kwenye magunia, na yeye alipouona nikamziba mdomo. Nimekosa."

Mguu ukasimama. Sindano alikuwa mlangoni, sijui tangu lini, na uzi unaning'inia kwenye kola. Nilimsubiri aseme, nilikuambia. Ningekuwa mimi ningesema, tena mara mbili.

"Wamebaki wangapi?" akauliza.

"Sijui, mwanangu. Mimi sioni."

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa chake cha sindano na kile kioo cha kukuzia anachotumia kwa shanga za fedha.

Tulifanyia kazi uani, kwenye jua, juu ya shuka jeupe. Alijifunga mikono ya nguo kwa kamba kwenye vifundo, akanifunga na mimi. Bibi tulimkalisha kwenye kiti karibu na mlango, amejifunika nguo mpya. Mimi nilikuwa namletea majani makavu kwa mafungu, yeye anayafunua kwa ncha ya sindano. "Huyu hapana. Huyu hapana. Huyu amekufa zamani. Huyu hai, lakini ana mgeni hapa mguuni. Hapana." Kila hapana yake ilinikata. Wakati mmoja niliomba nitazame kwenye kioo. Akanielekeza. Kwanza niliona ukungu, kisha shingo ya kiwavi wangu, na juu yake duara mbili za manjano angavu, laini, zimejaa. Ndani ya mojawapo vitu vilikuwa vinafurukuta. Bibi akasema kutoka kwenye kiti kwamba humo watoto wanazaliwa wakiwa wakubwa tayari, na madume hawaondoki kabisa juu ya tumbo la mama yao, hapo ndipo wanaishi na hapo ndipo wanafia. Nilichukia jinsi zilivyopendeza. Nikamrudishia kioo chake.

Jua lilipoanza kulala, shuka lilikuwa limejaa maiti, na ndani ya bakuli jipya, juu ya jani moja la mforsadi, walikuwemo saba. Saba kati ya mia nne.

"Hawawezi kurudi mle ndani, mama," Sindano akasema.

"Nitapasugua. Nitachoma magunia, nitachoma godoro na trei, nitamwaga maji ya moto kwenye kila ubao."

"Vifanye vyote hivyo. Lakini utitiri unaweza kubaki kwenye nyufa na nisiuone. Hawa saba nitakaa nao kwetu."

"Mpaka lini?"

Sindano aliiweka sindano yake chini. Alimtazama Bibi, na mimi nikamtazama Bibi, na sote wawili tukawa tunangoja.

"Wawe wake," Bibi akasema.

"Bibi! Mimi ni mwanao!"

"Najua wewe ni nani. Unadhani mama yangu alinipa mimi kwa kuwa alinipenda kuliko dada zangu? Alimpenda dada yangu mkubwa. Mimi alinipa kwa sababu nilikuwa naona."

Niliumia, sitaficha. Miaka thelathini nimeamka kwa ajili ya viwavi wale, nimewakatia majani nikiwa na homa, nikiwa na msiba, nikiwa mja mzito. Nilisimama pale uani na mikono iliyofungwa kamba kama mfungwa, nikamtazama yule binti, na hakuwa na furaha ya kushinda usoni. Alikuwa anaogopa. Aliona kitu ambacho nilikiona mimi siku ile Bibi aliponikabidhi, kwamba saba wakifa, sasa ni yeye. Hapo moyo wangu ukalainika kidogo, kidogo tu.

Nikachoma kila kitu nyuma ya nyumba. Nikaoga mara mbili kwa sabuni ya kufulia, nikavaa nguo iliyotoka kwenye kamba. Hata hivyo hakukubali nibebe bakuli. Nilibeba majani, nikamfuata nyuma mitaa yote sita, na watu walionizoea kutangulia walitupisha wakitushangaa.

Kwao aliingia kwenye chumba chake, akafunga mlango. Mimi nilibaki nje. Mama yake aliniletea kiti na maji ya kunywa, kisha akarudi kwenye kitambaa chake, anakata, mkasi unakwenda polepole, hana neno na mimi, wala hana ubaya. Nilikaa. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa, na macho yalikuwa yanajifunga yenyewe, nikawa nayafumbua kwa nguvu. Nyuma ya mlango ule nilisikia bakuli likiwekwa chini, kisha majani yakikatwa, kisha hakuna.

"Mama?" Sauti yake ilitoka mlangoni karibu kabisa, kama ameweka paji la uso kwenye mbao.

"Niko hapa."

"Sita wanakula. Mmoja ametulia tu. Kichwa kiko juu. Huyu amelala, au amekufa?"

Swali hilo nimeulizwa na wafugaji wa kila aina, na sikuwahi kukosa jibu, wala sikuwahi kuinuka kwenda kutazama. Amelala, nilikuwa nasema. Mwache. Mama yake Sindano aliacha mkasi ukiwa umefunguka, akanitazama.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Niambie unaona nini."

Nilimsikia akichukua kioo. Halafu akaanza, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, akianzia mkiani. Akasema miguu ya nyuma imeshika jani barabara. Akasema ameutazama mwili wote kwa kioo, huku na huku, na hauna hata duara moja. Akasema rangi imefifia lakini mwili haujakauka. Akafika juu, akasema ngozi ya uso inaonekana imelegea, na nyuma ya kichwa kuna mstari mwembamba sana, kama imeanza kupasuka. Nilijua maana yake alipofika hapo. Nilifunga mdomo wangu, nikaegemeza kichwa mlangoni, nikamwacha aseme mpaka amalize.